Nyumba Arobaini Nilizotumwa Kurudia

Mdogo wangu aliponiomba nirudi kwenye nyumba arobaini nilizokwisha kuzipima, nilisema ndiyo. Nilipaswa kusema hapana. Sababu za kukataa zilikuwepo na zote zilikuwa za kweli: magoti yalikuwa yananisumbua, mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na nilikuwa na wivu juu yake ambao haukuniacha hata nikiwa kanisani. Hiyo ya tatu ingetosha peke yake. Mtu anayemwonea mwenzake wivu hapaswi kupewa kazi ambayo mwenzake hana namna ya kuihakiki.

Tulikuwa nyumbani kwa mama, Ijumbi, Jumapili baada ya ibada. Mama alikuwa ametuwekea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, nasi tulikuwa tunazimenya na kutema maganda mkononi.

"Kaka, nina ombi," akasema. "Nyumba arobaini, nataka zipimwe mara ya pili."

"Zimeharibika nini?"

"Hazijaharibika. Nataka kujua majibu yanayumba kiasi gani."

"Mimi ndiye niliyeyaandika hayo majibu."

"Ndiyo maana nataka urudi wewe. Mtu yuleyule, swali lilelile, bila kuangalia jibu la kwanza."

Mama akadakia kutoka mlangoni, "Msaidie mdogo wako. Kwani hapa umekaa unafanya nini?"

"Mama, asilazimishwe," mdogo wangu akasema haraka. "Kama magoti yanamsumbua, yupo yule dada wa Nshamba tuliyeanza naye. Ni mwepesi, anaweza kuzimaliza."

Hapo ndipo niliposema ndiyo.

Nieleze kazi yenyewe ilikuwa nini. Mdogo wangu alikuwa anasomea shahada ya uzamivu katika takwimu za kilimo. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa kwa watu wa Muleba: mkulima akiongeza samadi kwenye kibanja, yaani shamba lake la migomba na kahawa, kahawa inaongezeka kwa kiasi gani? Alipata wafadhili, akapata wadadisi sita wa kuzunguka vijijini na madodoso, na mimi nikiwa mmoja wao. Tulikwenda nyumba kwa nyumba tukiuliza vikapu vya samadi vilivyoingia kibanjani tangu mwaka uanze hadi mavuno, kisha tukapima kahawa ya maganda kwenye mizani. Kahawa ilikuwa rahisi, maana mizani haibembelezwi. Samadi ilikuwa ndiyo shida. Hakuna mtu anayehesabu vikapu vya samadi. Mama anabeba asubuhi, watoto wanabeba wakitoka shule, kikapu cha huyu ni kikubwa na cha yule ni kidogo. Ukiuliza, mtu anatazama juu, anavuta pumzi, anataja namba.

Shahada nzima ya mdogo wangu ilikuja kusimama juu ya zile nyumba arobaini. Nililijua hilo siku aliyoniomba.

Sasa niseme habari ya wivu. Baba alifariki mwaka niliomaliza kidato cha nne. Nilikuwa nimefaulu hesabu kuliko wote darasani, na mwalimu wangu alikuwa ameniambia niendelee. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kiume wa kwanza, omusika, mrithi wa nyumba, na mrithi hukaa. Nilikaa. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kumvusha mto siku za mvua, mimi ndiye niliyemfundisha kujumlisha kwa punje za kahawa juu ya mkeka. Akikosea nilimpiga kidole sikioni, akicheka nami nacheka. Alipoanza kufika mbali, kwanza sekondari, halafu chuo kikuu, nilijisifu kwa kila mtu. Sijui ni siku gani sifa ziligeuka. Nadhani ziligeuka polepole, kama maziwa yanavyochacha bila mtu kuyaona.

Zamani watu walipomuuliza yeye ni nani walijibiwa kwamba ni mdogo wangu. Kisha nikaanza kusikia, "Mzee huyu ni kaka wa daktari." Walimwita daktari hata kabla hajapata hiyo shahada. Kanisani mchungaji alimtaja akimshukuru Mungu kwa ajili yake, na watu wakageuka kunitazama mimi kwa uso wa hongera, nami nikaitikia kwa kichwa. Nyumbani kwangu, katika kibanja nilichokitunza tangu nina miaka kumi na minane, nikimwambia mama kwamba migomba ya upande wa rweya, kule kwenye mbuga ya majani, ing'olewe, alinijibu, "Ngoja kwanza tumuulize mdogo wako." Mdogo wangu hakuwahi kushika jembe mwaka mzima!

Kabla ya kutugawia zile nyumba za marudio alituita wadadisi wote kwenye ukumbi mdogo pale Nshamba atueleze sababu. Alichora ubaoni mstari wa chini, akauita samadi, na mstari wa kusimama, akauita kahawa. Akaweka nukta, kila nukta nyumba moja. Nukta zilipanda kutoka kushoto kwenda kulia, akapitisha mstari katikati yake. "Huu ndio unaotuambia kikapu kimoja kinaleta kilo ngapi," akasema. "Ukiwa mkali, samadi ina nguvu. Ukilala, haina."

Kisha akafuta nukta moja moja na kuisogeza pembeni, nyingine kushoto, nyingine kulia. "Huyu amekisia vikapu vingi kuliko alivyoweka. Huyu amekisia vichache." Alipomaliza, nukta zilikuwa zimetawanyika kwa upana, akachora mstari mpya. Ulikuwa umelala.

"Samadi ni ileile," akasema. "Kahawa ni ileile. Tumekosea tu kupima samadi, na mstari umelala. Mtu akija atasema samadi haisaidii kitu."

Akaeleza kwamba mstari unaweza kunyanyuliwa, mradi ujue nukta zimesukumwa kiasi gani. Na namna ya kujua ni kupima nyumba zilezile mara mbili, uone majibu mawili ya nyumba moja yanavyotofautiana. Yakitofautiana sana, unanyanyua sana. Yakitofautiana kidogo, unanyanyua kidogo. "Lakini kosa la mara ya pili lisijue kosa la mara ya kwanza," akaonya. "Ukimkumbusha mtu alichosema, umeharibu."

Halafu akafika kwenye jambo ambalo, alisema, hata wasomi wengi wanaliruka. Kila jibu la takwimu linakuja na kosa lake sanifu, namba inayokuambia jibu la kweli linaweza kuwa mbali kiasi gani na hilo ulilolipata. Ukiunyanyua mstari, kiasi ulichounyanyulia nacho umekikadiria kwa nyumba arobaini tu, na nyumba arobaini nyingine zingekupa kiasi kingine. Kwa hiyo kosa sanifu lazima lipanuke ili libebe na shaka hiyo. Wengine wanarekebisha mstari halafu wanaacha kosa sanifu la zamani, jembamba, kama kwamba marekebisho yameshuka kutoka mbinguni.

Yule dada wa Nshamba akanyoosha mkono. "Daktari, yaani tunatembea mara mbili kwenye matope ili upate uhakika mdogo kuliko ule wa kwanza?"

Ukumbi ukacheka. Mdogo wangu naye akacheka. "Ndiyo, dada. Mdogo, lakini ni wa kwangu kweli. Ule wa kwanza nilikuwa nao wa bure."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kabla hajamaliza kuchora. Niliona jibu linakokwenda kama nilivyokuwa nikiona darasani, na niliona chaki mkononi mwake, vumbi la chaki kwenye mkono wa koti lake, na wale watu watano wakiandika alichosema. Nikawaza kwamba hilo lilikuwa koti langu.

Nyumba ya kwanza niliifanya kwa uaminifu. Ilikuwa ya bibi mjane, mwisho wa Ijumbi, mwenye ng'ombe mmoja. Alinikaribisha, akanipa kahawa za kutafuna, nikauliza swali kama lilivyoandikwa.

"Nane," akasema. "Labda tisa. Wewe andika nane, mwana wange."

Niliandika nane. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari langu, maana majibu yote ya mara ya kwanza nilikuwa nimeyanakili humo kwa mkono wangu, ingawa hakuna aliyeniagiza. Mjane alikuwa ameandikiwa ishirini. Nikakumbuka. Mara ile alisema, "Kumi, au ishirini, andika unavyoona," na wingu lilikuwa limetanda, nami nikaona ishirini inapendeza.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mwanamume wa makamo. Mara ya kwanza alisema kumi na mbili. Sasa alisema sitini bila kupepesa.

"Sitini?" nikauliza.

"Sitini, waitu," akajibu kwa neno letu la heshima. "Mara ile nilidhani mmekuja kuhesabu ng'ombe, nikaona nisijitangaze."

Jioni hiyo, kabla ya chakula, nilikaa mezani na daftari. Ishirini, kisha nane. Kumi na mbili, kisha sitini. Nilimwona mdogo wangu akifungua madodoso hayo Bukoba, akiweka namba zangu bega kwa bega, akigundua kwamba kaka yake mzima, aliyemfundisha kujumlisha, ameandika upuuzi. Nilimwona anavyotabasamu kwa huruma. "Si neno, kaka," angesema. Hiyo "si neno" niliisikia masikioni kama nimeshatamkiwa, na sikuweza kuivumilia.

Nilijua alichokuwa anakitafuta. Hili nataka lieleweke, kwa sababu baadaye watu wa ukoo walinitetea kwamba mzee hakuelewa mambo ya kisomi. Nilielewa sana. Hakuwa anatafuta wa kulaumu. Alihitaji kuyumba kwangu. Kuyumba kwangu ndiko kungeunyanyua mstari wake mahali pake na kumpa kosa sanifu pana ambalo angelitetea mbele ya yeyote. Ishirini kisha nane ilikuwa zawadi. Kumi na mbili kisha sitini ilikuwa zawadi kubwa zaidi. Nami nilimnyima, kwa kuwa niliona afadhali yeye akose kuliko mimi nionekane.

Kesho yake nilitoka na daftari mfukoni. Nyumba ya tatu nilikaa, nikatafuna kahawa, nikasema, "Mara ile uliniambia thelathini na mbili. Bado ni hivyo?"

"Kama ulivyoandika, waitu."

Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Mtu asiye wa kwetu anaweza kushangaa watu wazima wanakubalije namba ambayo si yao. Lakini kwetu, mzee akishaingia nyumbani kwako, akakaa, akatafuna kahawa yako, ukimwambia alichoandika sicho, umemvua nguo. Mimi nililelewa katika adabu hiyo na niliijua inavyofanya kazi. Niliitumia kama mtu anavyotumia panga la jirani.

Nyumba moja karibu na barabara ya Nshamba mke alijaribu kunipinga. Alikuwa anamenya ndizi, akainua kichwa. "Arobaini na tano? Mbona nyingi hivyo? Mimi ndiye ninayebeba, na shingo yangu..."

"Mama watoto," mumewe akamkata, "mzee ameshaandika."

"Basi abebe yeye hizo nyingine," mke akasema, na kisu kikarudi kwenye ndizi.

Nilicheka nao. Nikaandika arobaini na tano. Hapa na pale niliongeza kikapu kimoja au kupunguza viwili, ili majibu yasionekane yamenakiliwa. Madodoso ya mjane na ya yule mwanamume aliyesema sitini niliyachana, nikaandika mapya: ishirini na moja, na kumi na mbili.

Mdogo wangu alipoyapokea alifurahi siku ya kwanza. "Kaka, wewe ni mashine!" akaniambia kwa simu. Siku ya tatu akapiga tena, na sauti ilikuwa nyingine.

"Shikamoo kaka. Samahani, nina swali moja tu. Uliwauliza upya? Hukuwaonyesha ya zamani?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa wazi kama mlango. Angekasirika siku mbili, angenirudisha vijijini au angempa yule dada, na mambo yangepona.

"Unaniuliza mimi hivyo?" nikasema. "Mimi?"

"Nisamehe, kaka," akasema. "Nimechoka tu. Nisamehe."

Alikuja Ijumbi Jumamosi iliyofuata na kuku, kuniomba radhi kwa kunitilia shaka. Tulimla. Mama alimsifu kwa kujua kumheshimu mkubwa wake.

Wiki chache baadaye nilikwenda Bukoba kwa mambo ya kliniki, nikafikia kwake mtaa wa Bilele, nyumba aliyopanga na mkewe. Alinionyesha kwenye kompyuta. Nukta zilikuwa nyingi kama senene kwenye taa, na mstari ulipita katikati yake ukiwa umelala karibu kabisa.

"Haunyanyuki," akasema. "Majibu mawili yanalingana mno. Hesabu inaniambia tulipima samadi karibu bila kosa, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha. Na kosa sanifu tazama lilivyo jembamba. Yaani nina uhakika mkubwa kwamba samadi karibu haina kitu."

"Basi ndilo jibu," nikasema.

"Kibanja cha mama kinasema vingine. Pale zizi la zamani lilipokuwa, unaona mwenyewe kahawa inavyozaa." Akasugua macho. "Lakini siwezi kuandika kwamba nimeota. Namba ni hizi, na zimepimwa na kaka yangu."

Shemeji akaleta chai na ndizi za kuchemsha. Nilikula vizuri. Kama nisingeandika hili, mengine yote yangekuwa uongo: nilifurahi. Nilimtazama mtu aliyesoma miaka yote ile akiwa amekwama kwenye shimo nililolichimba mimi, wa kidato cha nne, na kwa muda wa kikombe kimoja cha chai nilijiona mkubwa wake tena.

Alitoa matokeo kwenye mkutano mjini Bukoba, mbele ya wafadhili, maofisa wa kilimo, na msimamizi wake kutoka chuo kikuu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Mdogo wangu alinialika, akanikalisha mstari wa mbele, akawaambia watu kwamba bila mimi asingejua hata kuhesabu. Walinipigia makofi. Nilivaa koti.

Alieleza vizuri. Alieleza marudio ya nyumba arobaini, akaonyesha mstari kabla ya marekebisho na baada, na ilikuwa kama mstari mmoja. Yule mama akaomba jedwali la majibu yenyewe lirudishwe ukutani. Akalisoma kwa muda. Watu wakaanza kukohoa.

"Hizi ziara mbili zilipishana miezi miwili?" akauliza.

"Ndiyo, profesa."

"Vikapu vya samadi. Kwa kukumbuka."

"Ndiyo."

"Mimi hapa sikumbuki juzi nilikula nini," akasema, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nimesimamia tafiti za namna hii tangu ungali mtoto. Sijaona watu arobaini wakikumbuka kikapu kwa kikapu. Hata tungepima kwa mizani, vipimo viwili vingepishana kuliko hivi. Hili kosa sanifu ulilotuwekea halitoki kwa wakulima, baba. Ziara ya pili ilinakili ya kwanza. Nani alirudi vijijini?"

Mdogo wangu alinitazama. Haukuwa mtazamo mrefu. Nilikuwa mstari wa mbele, hatua tatu kutoka kwake, na ningeweza kusimama. Nilitazama viatu vyangu.

"Usimamizi ulikuwa wangu," akasema. "Dosari ni yangu."

Nje, karibu na lango, alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira bado. "Kaka, niambie nyumba ngapi. Hata kama ni kumi, naweza kuzitoa. Niambie tu."

"Wewe ndiwe uliyesoma," nikamjibu. "Nenda kawaulize mwenyewe."

Alikwenda. Kesho yake alikuwa Ijumbi kwa yule mjane, na yule mjane, ambaye hakuwa na sababu ya kuficha, alimwambia, "Nilimwambia kaka yako nane. Kwani aliandika ngapi?" Akaenda ya pili, akaambiwa sitini, kisha ya tatu, hadi ya kumi. Kuanzia ya tatu, kila mahali walimweleza bila hila jinsi mzee alivyokuja na daftari akawakumbusha. Hakupita nyumbani kwetu siku hiyo. Mama alimwona akipita barabarani, akamwita, naye akapunga mkono na kuendelea.

Samadi ya msimu ule haikuwezekana kuulizwa tena. Mwaka mwingine wa kahawa ulikuwa umeingia, na muda aliopewa chuoni ulikuwa umekwisha. Wafadhili walifunga mradi. Kazi aliyoiandika miaka yote ile ilirudishwa, na hakupata nafasi ya kuiwasilisha upya. Kwa barua ya chuo, kama alivyomsomea mama kwa simu, kosa lilikuwa la mtafiti kwa kushindwa kusimamia ukusanyaji. Jina langu halikuwemo popote, maana hakuwatajia; ukoo ulisikia kwa wenye zile nyumba. Watu wa kijijini waliacha kumwita daktari. Mchungaji hakumtaja tena. Nilikuwa nimetamani kusikia ukimya huo, na ulipokuja niliusikia kila Jumapili.

Alihama na familia yake kwenda kufundisha hesabu sekondari katika mkoa wa kusini. Nilimpigia simu mara nyingi. Mwanzoni iliita bila kupokelewa, baadaye haikuita kabisa. Nilimwandikia barua ndefu, nikaeleza kila kitu, daftari, mjane, koti, chai ya Bilele. Sikujitetea. Haikujibiwa.

Mama alipofariki alikuja. Alifika asubuhi ya mazishi, ameota mvi kichwani, na nilipomwendea mikono ikiwa mbele yangu kama ya mtu anayepapasa gizani, aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Maisha yake yote alikuwa ameniita kaka. Kaburini nafasi yake ilikuwa ubavuni mwangu, ndivyo watoto wa marehemu wanavyosimama kwetu, lakini alikwenda kusimama upande wa wakwe. Wazee waliona, wakatazama chini. Baada ya udongo nilimfuata hadi kwenye gari, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba nilimharibia kwa wivu, kwamba nilijua ninachofanya, na kwamba naomba anisamehe.

"Nimeshasamehe, mzee. Siku nyingi," akasema, na ilikuwa kweli, niliiona usoni. Hakukuwa na kinyongo. Hakukuwa na kitu. Akaniaga kama mtu anavyomuaga mzee wa jirani aliyekuja kutoa pole, akapanda gari, wakaondoka kuelekea Bukoba.

Hiyo ni miaka sita sasa. Nakaa peke yangu katika nyumba ya baba, na kibanja chote ni changu, hakuna wa kuulizwa kwanza. Mdogo wangu yu hai, ana afya, anafundisha, na nasikia ana mjukuu. Mimi ndiye niliyemlea tangu ana miaka minne, na simjui tena. Nilikubali kurudia nyumba arobaini ili nisionekane mdogo mbele yake, na gharama yake ilikuwa yeye mwenyewe. Sina ndugu.